Mapafu Yangu Ukutani

Kibomet, Kitale
Alhamisi, baada ya watu wa chakula cha mchana

Rukia mwanangu,

Umeenda Bungoma kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia mapema. Atakupikia, atakuombea dua, atalia kidogo, kisha atakumbuka kitu kingine cha kukufungia kwenye leso. Kwa hiyo nina nafasi. Nimenawa mikono, nimeifuta meza ya pembeni, na nimemwambia baba yako asiniulize chumvi iko wapi mpaka nimalize kuandika. Ameshauliza.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kufunga mlango. Hayo baba yako amekueleza wiki nzima, na kama kuna msichana mwingine anayekwenda Nairobi akiwa amehubiriwa zaidi kuhusu kufuli, mimi sijamwona. Nataka kuongea nawe juu ya kazi unayokwenda kusomea, hiyo ya picha za hospitali, maana katika ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu niliyewahi kuifanya. Cheka tu. Niliifanya bila shule, bila mashine, kwa leseni ya kuuza chai na maharagwe.

Ulikuwa darasa la saba. Homa iliingia nyumbani kupitia kwako, ukaitoa shuleni, ukampa baba yako, naye akanipa mimi. Ninyi wawili mlikaa kitandani siku chache mkihudumiwa kama maharusi, mkapona, mkarudi kula. Mimi nikabaki na kikohozi. Nilikohoa nikisonga ugali, nikakohoa nikihesabu sahani, nikakohoa mpaka mbavu zikaniuma upande wa chini. Nikipanda ngazi ile fupi ya nyuma ya hoteli nilikuwa nasimama katikati nikijifanya natazama kuku.

Unawajua wateja wetu. Fundi wa Kibomet au mpakia magunia hakuambii kitu usoni. Anakuambia, "Leo sina njaa, mama," halafu unamwona ng'ambo ya barabara kwa jirani akikata ugali kama mtu aliyefunga tangu juzi. Miaka ile mtu akikohoa na kukonda, majirani walikuwa na majibu kabla ya hospitali. Wengine walisema TB. Wengine walisema lile lingine, kwa sauti ya chini, wakiwa wamesimama mahali ambapo ningeweza kuwasikia vizuri. Hoteli ikaanza kulala. Mimi niliogopa kufa, ndiyo, lakini nitakuambia ukweli: niliogopa zaidi kuitwa mchafu. Mpishi akishaitwa mchafu amekwisha hata akipona.

Daktari wetu hapa Kitale, yule mpole mwenye miwani inayoteleza, alinipiga eksirei ya kifua. Akaona wingu. Akapima makohozi, hayakuwa na wadudu wa TB. Akapima damu, na majibu yakawa mazuri, nikamwomba aniandikie kwa herufi kubwa akakataa. Sasa akabaki njia panda. Aniweke kwenye dawa za TB, zile za miezi mingi, au angoje? Akakuna kichwa, akasema, "Mama Rukia, nataka picha bora kuliko hii. Nenda Eldoret, kuna mashine ya CT."

Mashine yenyewe, usishangae utakapoiona, ni kama andazi kubwa lenye tundu katikati. Unalazwa kwenye kitanda chembamba, kitanda kinaingia kwenye tundu, andazi linavuma. Aliyekuwa akiiendesha alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vya raba. Alizungumza nami kutoka chumba kingine, nyuma ya kioo: "Mama, vuta pumzi. Shikilia. Usipumue." Nikavuta, nikashikilia, nikakohoa mpaka kitanda kikatikisika. Tukaanza upya. Nikakohoa tena. Nilidhani atanifokea, maana nje kulikuwa na watu wamejaa benchi. Badala yake alitoka kule kwenye kioo, akaja, akanifunika miguu na shuka, akanishika mkono, akasema, "Tufanye mazoezi kwanza, mimi na wewe." Tukavuta pumzi pamoja kama watoto wanaojiandaa kupiga mbizi mtoni. Kisha akarudi kwake, na safari hiyo nikaweza.

Nilipokuwa navaa viatu nikamuuliza, "Umeona nini?"

Akacheka kidogo. "Mimi napiga tu, mama. Daktari ndiye anasoma."

"Lakini wewe umeona."

"Nimeona picha imetoka vizuri."

Rukia, nilimchukia msichana yule. Nilimchukia kutoka Eldoret mpaka Kitale. Niliona ananificha kifo changu. Nilimwambia baba yako kwamba wasichana wa siku hizi wakipewa kioo cha kujifichia wanajiona wakubwa. Weka jambo hilo pembeni, nitalirudia.

Daktari wetu alizibandika filamu kwenye dirisha lake, maana lile sanduku lake la taa lilikuwa limeharibika. Kumbe CT haikupigi picha moja. Inakukata vipande vipande kama mkate wa sinia, na kila kipande unakiona ndani. Akanionyesha mapafu yangu, meusi, na chini kwa pembeni, pande zote mbili, kulikuwa na kitu cheupe hafifu. "Unajua dirisha la jikoni kwako wakati maharagwe yanachemka?" akaniuliza. "Kioo kinashika mvuke. Unaona nje, lakini kwa ukungu. Mapafu yako ndivyo yalivyo." Akasema TB mara nyingi anaitarajia kule juu, na mara nyingi inatoboa. Huku juu kwangu kulikuwa safi. "Ukiunganisha na ile homa ya nyumba nzima, na makohozi yasiyo na kitu, hii inaelekea kuwa nimonia ya virusi. Inaelekea, mama. Picha haitaji jina la mdudu. Magonjwa mengine yanaweza kuvaa nguo hii hii. Kwa hiyo tungoje, upumzike, na ukizidiwa urudi hapa mbio."

Mimi nilisikia "virusi" na "si TB." Ile "inaelekea" niliiacha pale pale dirishani.

Nikapumzika, nikapona. Kikohozi kikapungua kama mvua inavyoondoka, leo kidogo, kesho kidogo. Lakini wateja hawakurudi. Ndipo nikapata akili yangu ile kubwa. Unaikumbuka, kwa sababu ndiwe uliyenibebea bahasha mpaka mjini, kwa Singh wa duka la vioo.

Singh alizitoa filamu, akazigeuza mbele na nyuma, akazivuta ndevu zake. "Mama, mimi nimeweka frem harusi, nimeweka frem passport ya babu, nimeweka frem kalenda. Hii ni nini?"

"Mapafu yangu."

"Utatundika wapi?"

"Hotelini."

Alizipandisha filamu kwenye mwanga wa mlango. Kisha, kwa kuwa ni fundi na mafundi hawawezi kujizuia, akasema, "Basi bila taa nyuma hawataona kitu. Wacha mimi nitie balbu."

Ndivyo nilivyotundika mapafu yangu ukutani, kati ya leseni ya afya na kalenda ya kampuni ya mbegu, na balbu ikiwaka nyuma. Baba yako alisema amewahi kusikia watu wakitundika pembe za swala. Siku ya kwanza mtu mmoja tu aliingia, akanywa chai akiwa amesimama. Siku iliyofuata akaleta wenzake. Mimi nikachukua mwiko, nikawa naonyesha: "Huku juu mnaona ni safi? TB ingekuwa hapa, ingetoboa. Huu ukungu wa chini ni virusi, umekwisha zamani. Nani anataka maharagwe?" Mwisho wa mwezi hoteli ilijaa kuliko kabla sijaugua. Watu walikula wakiyatazama mapafu yangu kama wengine wanavyotazama televisheni.

Ningeishia hapo, hii ingekuwa barua ya kujisifu na ningeifurahia sana. Lakini unajua watu wa huku wanavyotunza picha zao. Hospitali inakupa filamu, unakwenda nayo nyumbani, unaiweka chini ya godoro kwenye bahasha ile kubwa ya kahawia, na inakaa huko na hati ya shamba. Sasa zile bahasha zikaanza kutoka chini ya magodoro. Fundi wa baiskeli akaleta mguu wake. Mama mmoja akaleta kifua cha mumewe. Nami, badala ya kusema mimi ni mpishi, nikawa nazipandisha kwenye mwanga wa balbu na kukunja uso. "Hii haina shida." "Hii mpeleke arudie." Waliniita daktari. Nilipenda, mwanangu. Nilipenda mno. Mwanamke aliyeishia darasa la nane kuitwa daktari na wanaume wazima wenye masharubu, hata wewe ungependa.

Kisha akaja Mzee Wafula.

Humjui kama ninavyomjua mimi. Unajua ni yule wa Tongaren anayetuletea mahindi, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, anayekuita "bibi yangu" ili nyanya yako akasirike. Lakini ni yeye aliyeendelea kuniletea mahindi nilipokuwa sina mteja, akiyashusha na kusema, "Utanipa wakati Mungu atakupa." Na katika ule ugonjwa wangu ni yeye peke yake aliyekuwa akinywa chai yangu mpaka tone la mwisho, huku watu wanamtazama.

Akaja na bahasha. Alikuwa anakohoa, amepungua kidogo shingoni. Zahanati ya kwao ilimpiga eksirei ikamwambia apeleke makohozi hospitali kubwa. "Lakini mimi nikasema wacha nipitie kwa Mama Lukia kwanza. Si wewe ndio unasoma hizi vitu?"

Nikaipandisha kwenye balbu, kando ya yangu. Ilikuwa eksirei ya kawaida, kijivu yote, na mimi hata sikujua juu ni wapi mpaka nilipoona mabega. Niliona wingu. Na kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu alikuwa ananitazama kama mtoto anayesubiri kuambiwa hatachapwa, nikasema, "Hii ni kama yangu, mzee. Ni homa tu. Kunywa ndimu na tangawizi, upumzike."

Akashukuru mpaka akavua kofia. Akala sahani mbili. Hakwenda hospitali.

Mavuno yakaja, na mahindi yakaletwa na mwanawe. Nikamuuliza baba yuko wapi. "Yuko nyumbani, anakohoa tu. Tunamwambia aende hosi, anasema ati Mama Rukia alishamsomea." Alisema hivyo bila ubaya wowote, huku anafungua kamba za gunia. Sijawahi kuhisi hoteli yangu ikiwa ndogo namna ile.

Kesho yake nilifunga hoteli, nikaenda Tongaren. Nilimkuta ameketi juani kando ya ghala la mahindi, blanketi mabegani, amekonda mpaka kofia imekuwa kubwa. Na furaha tele! Aliniita kwa sauti ya kukwaruza, akawaambia wajukuu walete kiti cha daktari wake.

Nikasema mbele ya mkewe na watoto, "Mzee, mimi si daktari. Mimi ni mpika maharagwe. Nilikuambia kitu nisichokijua. Twende hospitali."

Akatikisa kichwa. "Sasa, mama, wacha nikuulize. Kama leo hujui, mbona ile siku ulijua?"

"Sikujua."

"Ulijua, bana. Ulionyesha na mwiko."

Hapo ndipo nilipopata adabu yangu, Rukia. Neno langu lilikuwa limemwingia, na mimi mwenyewe nikashindwa kulitoa. Zahanati ilimwambia ukweli akauacha. Mimi nilimwambia uongo mtamu akaushika kama msahafu. Nilibembeleza, nikakaripia, nikalia kidogo. Mkewe akalia pia. Yeye akatuambia tunywe chai. Aliogopa, sasa niliona. Aliogopa kunyooshewa kidole peke yake, kuitwa wa TB, mkewe apewe kikombe chake cha pembeni, kama nilivyoogopa mimi. Basi nikamwambia, "Haya. Mimi pia nilikuwa na wingu. Twende wote wawili, tuteme wote. Wakikupa kikopo, nami nitaomba kikopo."

Akanitazama. "Na wewe utatema?"

"Nitatema."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako, mzee."

Akaagiza kofia yake nyingine, ile ya kwendea mjini.

Nesi wa hospitali hakuelewa kwa nini mtu mzima asiye na kikohozi anang'ang'ania kikopo, lakini alinipa, nadhani ili niondoke. Tukapelekwa nyuma ya jengo, kwenye hewa wazi, kila mtu na kikopo chake chenye kifuniko. Mzee Wafula akaanza, hakupata kitu. Aliona haya kutema mbele yangu. Mimi nikavuta pumzi, nikakohoa kwa nguvu zangu zote, kikatoka kisauti kama cha kuku aliyekanyagwa. Nikajaribu tena, mtandio ukanidondoka kichwani, kikopo kikaruka, nikakifukuza kwenye nyasi. Mzee Wafula akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ukutani, na katikati ya kicheko kikohozi cha kweli kikampanda kutoka chini kabisa, akageuka, akajaza kile kikopo chake kama alivyoagizwa. "Mama Lukia," akasema akihema, "wewe kweli hii kazi hujui."

Changu hakikuwa na kitu. Chake kilikuwa na TB. Alianza dawa wiki ile ile, mkewe na wajukuu wakapimwa, na alizimeza zote mpaka ya mwisho, miezi yote, nami nikimtumia meseji kila asubuhi: "Umemeza?" Naye akijibu kwa simu ya mwanawe: "Na wewe umetema?" Alipona, alhamdulillahi. Angeweza kutopona. Nimeandika sentensi hiyo kwa shida na sitaifuta.

Mapafu niliyashusha siku niliyotoka hospitali. Frem ya Singh ndiyo hiyo ina bei za vyakula, ndiyo maana hoteli yetu ndiyo pekee Kibomet yenye bei ya chapati inayowaka usiku. Watu waliokuja na bahasha niliwaambia sijui. Wengine walikasirika. Fundi wa baiskeli alisema nimekuwa na maringo.

Ndipo nikamkumbuka yule msichana wa Eldoret, na lile nililokuambia uweke pembeni. Nilimkosea. Alikuwa ameona picha nyingi kuliko nitakazoona maishani, na pengine alikuwa na lake moyoni kuhusu ule ukungu wangu, na maneno mazuri yalikuwa karibu na mdomo wake kama yalivyokuwa karibu na wangu. Akayameza. Lakini kumbuka pia alitoka nyuma ya kioo. Alinifunika miguu. Alivuta pumzi nami. Wema aliokuwa nao wote aliuweka mahali ambapo haungeweza kuniumiza. Mimi wangu niliutia kwenye maneno, na mzee wa watu akaenda nao nyumbani akaulalia.

Nawe una moyo wangu, najua. Hujawahi kumwona mtu ana wasiwasi ukanyamaza. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unawaambia wateja kwamba mvua itaacha sasa hivi, ili tu wasihuzunike. Sasa utalaza watu kwenye vitanda vile, watakuuliza kwa macho kabla ya mdomo, na wengine watakuwa na kofia mkononi. Hata ukifika mahali pa kujua picha vizuri, wako wenye kazi ya kuisoma, na hata wao, wakiwa waaminifu, watasema "inaelekea." Usiione haya ile inaelekea. Mama yako aliiacha dirishani, na kidogo imuue rafiki yake.

Nikukasirikie kidogo pia, ili usiseme nimezeeka. Umechukua sufuria yangu ndogo. Nimeiona kwenye sanduku. Irudishe, au ujifunze kuipikia vizuri.

Mzee Wafula alipita jana ulipokuwa sokoni. Amekuletea gunia dogo la karanga, kana kwamba Nairobi hakuna chakula. Akaniambia, nami nakuandikia kama alivyosema: "Mwambie huyo bibi yangu akimaliza shule, mimi ndio wa kwanza. Anipige mbele, anipige nyuma. Lakini nitamuuliza nina nini. Akinijibu hapo hapo, nitajua huko alikuwa analala tu."

Tukacheka mpaka baba yako akatoka jikoni kuuliza chumvi. Kisha mzee akaacha kucheka, akaniuliza, "Na atarudi lini?"

Nilitaka kumwambia Desemba. Nilitaka kumwambia atarudi kila likizo, atasoma karibu, atafanya kazi hapa hapa Kitale, atazeeka kando yangu. Maneno yalikuwa tayari kabisa, matamu, na sote wawili tungeyaamini.

Nikamwambia sijui, mzee. Nikamshika mkono, tukakaa.

Nakupenda, Rukia.

Mama yako